Kigelegele cha Matofali

Juzi waliniita kanisani nikasikilize barua za padre wetu wa zamani, zile alizotuandikia alipokuwa Ulaya akiomba pesa za kujenga chuo. Ati sasa ni historia. Msomaji alikuwa kijana wa shati jeupe, anasoma kwa sauti ya kulialia, na watu wanatikisa vichwa kama wanaosikia Injili. Mimi nilikaa mpaka katikati ya barua moja, nikachukua fimbo yangu nikatoka. Wajukuu wakanifuata mbio, wakidhani naumwa. Siumwi. Barua ile niliisikia ikisomwa mara ya kwanza, na shingo yangu inaijua kuliko wao.

Nilisoma darasa la nne tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha kupigwa pasi akatafute kwingine.

Wakati ule Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa watu walishaanza kunong'ona kwamba ataondoka. Nilikuwa mwali, nimeshatoka unyagoni, nakaa na mama yangu Newala karibu na ukingo, pale unaposimama ukaliona bonde lote la Ruvuma. Kuyaona maji pale ni rahisi, kuyapata ndiyo kazi. Kiangazi maji yetu yalikuwa chini ya genge, huko chini kabisa ya mteremko. Unashuka alfajiri na debe tupu, unapanda jua limeshakuwa kali. Ndiyo maana kwetu mtu haombi maji ya kunawa nyumbani kwa mwenzake. Ya kunywa atapewa. Akikopa mtungi, atarudisha mtungi. Maji yaliyoosha mboga yanaosha vyungu, na yaliyoosha vyungu wanapewa kuku.

Haya padre aliyajua. Hakuwa Mzungu, alikuwa mtoto wa Mkunya, hapo hapo juu kwetu, na mama yake alimlea kwa debe la kichwani kama sisi wote. Mama huyo alihamia karibu na kanisa mwanawe alipopewa upadre, na sote tulimwita Mama Padre. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache, na kila neno lilikuwa na mfupa ndani.

Kabla ya kuondoka, padre alitangaza kwamba chuo kitakuwa cha walimu, tena kitajengwa kwetu Newala, na upande mmoja utakuwa wa wasichana. Mbele ya watu akaniwekea mkono kichwani akasema mimi nitakuwa wa kwanza kuingia. Basi nikaanza kujiona mwalimu. Nilikuwa natembea na chaki mfukoni, mwone.

Lakini kwetu mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Mjomba wangu alishapokea wajumbe wa kijana mmoja wa Mkunya, mkulima wa korosho. Aliniita, akaniambia wazi: atamngoja padre. Akirudi na chuo cha wasichana, niende nikasome. Akirudi bila chuo, niolewe, na asisikie kilio. Niliona ni maneno ya haki. Nikangoja.

Barua zikaanza kuja. Mwalimu wa shule ndiye aliyezisoma, Jumapili baada ya ibada. Hata majirani zetu Waislamu walisimama madirishani kusikiliza, maana habari za Ulaya hazina dini. Jamani, barua zile! Nusu yake ilikuwa chai. Leo kanywa chai kwa mama mmoja tajiri, kikombe chembamba kama ganda la yai. Kesho kanywa kwa askofu. Baridi imemng'ata, akapewa koti. Katuma na picha yake ndani ya hilo koti, kasimama mbele ya kanisa la mawe. Mama Padre aliishika picha ile, akaitazama, akamrudishia mwalimu. "Kanenepa," alisema, hakuongeza kitu.

Sasa sikilizeni habari ya kigelegele. Kwetu mwanamke akishapiga kigelegele, amekubali. Hakirudishwi mdomoni. Ukipiga kwa posa, umeipokea posa. Ukipiga kwa kazi, kazi ni yako, hata ukiambiwa baadaye ni ya kuhamisha kilima. Wazee wetu walikuwa makini: kwanza walisikia neno mpaka mwisho, ndipo wakapiga.

Siku hiyo mwalimu akasoma: "Wapenzi wangu, wafadhili wamekubali kutujengea chuo." Akanyamaza, akavuta pumzi, akafuta miwani. Nasi wanawake, kama tuliochomwa mwiba, tukapiga kigelegele kanisa zima. Mimi ndiye niliyepiga kwa sauti zaidi. Mwalimu akangoja tumalize, akageuza ukurasa. Padre alikuwa ameendelea hivi: ili wafadhili waone kwamba sisi si watu wa kukinga mikono tu, amewaambia tayari kina mama wa Newala wameshafyatua matofali ya jengo la kwanza. Kwa hiyo anatuomba tuyafyatue.

Padre alikuwa amesema matofali yapo. Hayakuwapo. Hata udongo ulikuwa haujachimbwa. Tena ilikuwa katikati ya kiangazi, na tofali halikandwi kwa mate. Lakini nani atasimama aseme hapana? Tumeshapiga kigelegele.

Tukaubeba uongo wake kichwani. Alfajiri debe la nyumbani, likishafika juu unashuka tena kwa debe la matofali. Ngata zilitutoa nywele utosini. Watoto walinywa kwa zamu. Wanaume walichimba udongo na kupiga kalibu, sikatai, lakini maji hawakubeba, kwa sababu maji ni kazi ya mwanamke, na mwanamume hata padre akimwandikia kutoka Ulaya hasahau hilo. Jirani yetu mmoja wa Kiislamu alikuwa akikaa barazani anatutazama tukipita. Siku moja akasema, "Shogazangu, padre wenu anakunywa chai, nyie mnaunywesha udongo. Nani kati yenu ana kiu?" Tulicheka kwa uchungu, maana hakukosea. Kesho yake alishuka nasi, akabeba debe moja, akasema hilo ni la udugu, si la padre.

Mama Padre naye alibeba. Tulimkataza, akatukemea. Magoti yake yalivimba, na hapo ndipo aliponiita nimwandikie barua. Hakutaka mwalimu amwandikie, kwa sababu majibu yote ya mwalimu yalikuwa yale yale: sisi hatujambo, kazi inaendelea, tunakuombea. Nikakaa mkekani na kalamu, yeye akasema, nami nikaandika kama alivyosema:

"Mwanangu, mimi mama yako napanda genge, na magoti yangu unayajua. Ulisema matofali yapo. Hayakuwapo. Sasa yapo, na yamekunywa maji ya watoto. Kama ni kuomba, tuombee tangi la kukinga mvua, mengine yafuate. Na huyu binti anayeandika, mjomba wake anakungoja wewe. Kama chuo cha wasichana hakipo, sema sasa, asikae anangoja bure."

Yale ya mwisho niliyaandika polepole, herufi moja moja.

Jibu lilichukua muda. Likasomwa kanisani kama barua zote. Padre alimshukuru Mungu kwa barua ya mama yake. Aliisoma, alisema, mbele ya mkutano mkubwa, na kina mama wa Kizungu wakatoa leso. Aliwaambia: tazameni mama mzee anavyopanda mlima na maji kichwani, kwa furaha, ili watoto wa kwao wasome. Michango ikamiminika. Tangi hakulitaja. Mimi hakunitaja.

Kwa furaha! Nilimtazama Mama Padre. Alikuwa kwenye benchi la mbele, ameshika magoti yake. "Amenisoma nusu," akasema, na mwalimu akajifanya hakusikia.

Padre alirudi msimu wa korosho, na lori kutoka Masasi, kavaa lile koti juani. Kanisa lilijaa hadi nje. Matofali yetu yalikuwa yamepangwa uwanjani, tumeshayachoma kwa magogo ya mikorosho mizee, mekundu, mazuri. Padre akasimama akaeleza. Chuo kipo, pesa zimepatikana. Ila wafadhili wameshauri kijengwe chini, upande wa Nanganga, barabarani, malori yafike kwa urahisi na maji yawe karibu. Kitaanza na wavulana. Wasichana baadaye, Mungu akipenda. Hapo akanyamaza, akainua mkono kidogo na kutabasamu. Alikuwa anangoja kigelegele.

Wanawake wote walimtazama Mama Padre. Mama Padre alikuwa anatazama ukuta. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwalimu akakohoa.

Nje nilimwendea, nikapiga goti. "Shikamoo, Baba Padre."

"Marahaba, binti yangu. Barua yako imefanya kazi kuliko mahubiri yangu yote."

"Na mimi je, Baba?"

Akaniambia nivute subira, kisha akamgeukia mjomba wangu akamwomba asubiri kuniozesha. Mjomba alikuwa mtu wa adabu, akavua kofia yake kwanza. "Padre," alisema, "wewe umekwenda Ulaya ukarudi. Mimi nisubiri nini tena?"

Padre akasema tu matofali yatunzwe kwa ajili ya baadaye. Kesho yake asubuhi Mama Padre akaenda uwanjani, akaweka ngata, akachukua matofali mawili, akaenda nayo nyumbani kwake. Tukamfuata. Mpaka jioni uwanja ulikuwa mweupe. Tukajenga tangi la kukinga mvua kando ya nyumba yake, na saruji alitoa padre mwenyewe, kwa sababu mama yake alisimama mlangoni pake mpaka akatoa.

Nikaolewa Mkunya. Mume wangu alikuwa mtu mwema, simsemi. Chaki nilimpa mtoto wa jirani. Chuo kilijengwa, wavulana wakasoma, wengine wakawa wakubwa wa nchi, na upande wa wasichana ulipofunguliwa nilikuwa tayari na watoto wanne. Sasa barua zinasomwa kwa machozi, na barua ya Mama Padre haimo. Niliuliza. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwapo.

Juzi, basi, kijana wa shati jeupe alifika pale: "wafadhili wamekubali kutujengea chuo." Akanyamaza kuvuta pumzi. Na wanawake wa leo, wenye mabomba majumbani, wakapiga kigelegele kanisa zima kabla hajageuza ukurasa. Ndipo nilipochukua fimbo yangu.