Vidonge Vilivyofungua Figo za Mzee Ombati

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista wa wodi ya wanaume alinikabidhi jagi lenye alama za kupimia. "Kila mkojo uandikwe," akasema. Nilinuna. Nimetoka Magwagwa na cheti changu cha uuguzi, nije Kisii kubeba mikojo ya watu!

Mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa msimamizi wa zamu, aliletwa Mzee Ombati wa Birongo akiwaita wanawe kwa majina ya ng'ombe. Uvimbe wa pafu ulikuwa ukimwaga homoni inayoziamuru figo zizuie maji. Maji yakizidi mwilini, chumvi ya damu hupungua na akili huvurugika. Kumpunguzia maji ya kunywa hakukusaidia. Wanawe, wa nyumba mbili za wake zake, walikuwa na hofu kubwa: mzee hakuwa amewaonyesha mipaka ya shamba la chai.

Daktari Mkuu akaagiza vidonge, aina ya antibiotiki, ambavyo huzifanya figo zisiitii homoni hiyo. "Atakojoa sana," akatuambia. "Asipokojoa, tutaviacha."

Siku za mwanzo mzee hakujitambua, tukapima bila shida. Siku ya tano fomu ya kuandikia mkojo ikawa tupu, na ya sita vilevile. Nilikuwa nimemwona akijikokota kwenda nyuma ya wodi, nikanyamaza kwa haya.

"Dawa imeshindwa," Daktari akasema. "Kesho tuache."

Hapo nilishtuka, nikamwendea mzee. "Tata, tafadhali kojoa kwa chombo."

"Yaya, hapana! Wewe ni mtoto wangu. Utashika mkojo ya baba yako?"

Haya yake hiyo ilionyesha akili inarudi! Nikamkimbilia Ondieki, mfagiaji wetu, mzee wa rika lake.

"Leta hapa," Ondieki akamwambia akicheka. "Tulitahiriwa pamoja, sasa unanificha nini?"

Kufikia jioni jagi lilikuwa limejaa mara tatu. Daktari akaisoma fomu, akasema, "Endeleeni."

Uvimbe ulibaki, na hatimaye ulimuua. Lakini kabla ya hapo alitembea shambani siku nzima, kofia kichwani kwa sababu vidonge vile huifanya ngozi iungue upesi juani, akiwaonyesha wanawe mpaka kwa mpaka.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi wananiambia kuna dawa bora zaidi za kuizuia homoni ile, nami nafurahi kwa moyo wote. Lakini siku mbili zile nilijua mkojo wa mzee ulikokuwa ukienda, nikanyamaza. Wanawe walikuja kunishukuru kwa ndizi na kuku. Nilipokea, na sikuwaambia.