Zaburi Iliyokosa Mstari

Biblia yetu ilianguka mtoni siku tuliyokimbia vita kwenda Kashuga. Mto ule hauna daraja, una magogo mawili tu yaliyofungwa kwa kamba za porini, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeyafanya yateleze. Mama alitangulia, mgongoni amejifunga mfuko mdogo wa mbegu za maharage, mkononi amebeba kifurushi cha kitenge. Nilimfuata. Tulipofika katikati mguu wangu uliteleza. Mama aligeuka, akaachia kifurushi, akanidaka mkono. Nilipoweza kusimama tena, kifurushi kilikuwa kimeshafika mbali, kinazunguka juu ya maji ya udongo, kisha kikazama.

Ndani mlikuwa na Biblia na diploma yangu. Nililia kwa sababu ya diploma. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa tano kazini, na bila karatasi ile nilijiona si mtu. Mama alisimama ukingoni akiyatazama maji.

"Karatasi njo imeenda," alisema kwa Kiswahili cha kijijini kwetu. "Neno haiwezi kwenda na mayi."

Nilidhani anajifariji tu.

Mama hajui kusoma. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo kazi ya kumsomea Mama Biblia ikawa yangu. Kila asubuhi, kabla hajashika jembe, alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akasema, "Soma." Nami nilisoma mbiombio ili nisichelewe shuleni. Niliendelea hivyo hata nilipokuwa mtu mzima. Hakuwahi kuniuliza maana ya neno lolote. Alifumba macho, midomo ikichezacheza, na mara nyingi nilifikiri anasinzia.

Kule Kashuga, kambini, tulijenga kibanda cha miti na turubai, kando ya wakimbizi wenzetu waliotutangulia. Asubuhi ya kwanza Mama alikaa juu ya jiwe, akafumba macho.

"Soma."

"Nisome nini, Mama? Hatuna kitu."

"Soma ile iko mu roho yako."

Nikajaribu zaburi ya mchungaji, ambayo hata watoto wadogo wanaijua. Nilipata mistari miwili, ya tatu nikaichanganya na nyingine, nikakwama. Mama akaendelea pale nilipoishia, akaimaliza. Kisha akaanza nyingine. Hakuwa na haraka. Nilimsikiliza, na polepole nikatambua kwamba sauti ile ilikuwa yangu. Alivuta pumzi pale pale nilipokuwa navuta pumzi nikiwa mtoto. Neno "malisho", ambalo darasa la tatu nililisoma "maisha", yeye bado alisema "maisha". Miaka yote nilipokuwa nikikimbiza maneno ili niende zangu, mwanamke huyu alikuwa akiyapokea moja moja, pamoja na makosa yangu, akiyaweka mahali ambapo mto haufiki.

Mimi mwenye kusoma nilikuwa sina kitu.

Nikaomba daftari kwa mwalimu mwenzangu pale kambini. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mama alisema, nami niliandika. Majirani wakaanza kuja kukaa nasi. Mmoja alikuwa na sehemu ya barua ya mtume kichwani, mwingine alikuwa na mfano wa mpanzi karibu wote. Tukawa tunaokota, kipande kwa kipande.

Wiki ya tatu chakula kilikatika. Tulikula sombe, majani ya muhogo, tuliyopewa na jirani, bila chumvi wala mafuta. Mfuko wa mbegu ulining'inia juu ya vichwa vyetu, maharage ya kujaza makopo mawili. Nilikuwa nikiutazama mpaka macho yananiuma.

"Mama, tupike," nilimwambia.

"Hii iko ya udongo."

"Udongo wa nani? Shamba letu liko kule tulikokimbia. Hapa hatuna hata pa kupanda kitunguu."

Aliutazama ule mfuko. Kisha akasema, "Kuko zaburi inasema juu ya muntu ule anapanda na machozi. Ulinisomeaka mara moja tu, ile siku ulikuwa na homa. Mwisho yake ilinipotea."

Aliwauliza majirani. Alimuuliza shemasi wa kambini. Shemasi alikuna kichwa, akasema anajua kwamba inaishia kwa furaha. Mama akatikisa kichwa.

"Kusema inaisha muzuri haitoshe, Papa. Nataka vile Mungu alisema."

Nilikuwa na njaa, na njaa ilinipa ulimi mbaya. Nilimwambia kwamba Mungu hatamkasirikia mtu kwa kupika maharage yake mwenyewe. Mama alinitazama kwa huruma, jambo lililonichoma kuliko kama angenigombeza.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akishuka kutoka malishoni kila baada ya siku mbili kuuza maziwa, na bidoni, dumu la njano, kichwani. Alikuwa wa watu wa ng'ombe. Sisi ni watu wa jembe. Kati yao na sisi kulikuwa na mambo mengi yaliyofanyika katika miaka ya vita, na kila upande una makaburi yake. Waliokuwa na chochote walinunua maziwa yake kwa maneno machache, naye aliuza kwa maneno machache, akapanda kilima chake. Siku hiyo alipotokea njiani, Mama alisimama, akamwendea. Nilimfuata mbio, nikiogopa.

"Mama, samahani," Mama alimwambia. "Sitafute maziwa. Unajua zaburi ya ule muntu anapanda na machozi?"

Watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama. Yule mama alishusha bidoni chini. Alimtazama Mama usoni, kama mtu anayetaka kujua kama anachekwa. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge chake, akafumba macho, akaanza kwa Kinyarwanda, sauti ya chini, mwili ukiyumba kidogo. Aliisema yote, mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza, akairudia sehemu ya mwisho kwa Kiswahili, akitafuta maneno:

"Anaenda analia, mbegu iko ku mukono. Lakini atarudia. Kurudia atarudia, anaimba, mavuno iko ku bega."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. "Njo hiyo! Njo vile kabisa!" Akamshika mkono yule mama, na yule mama hakuutoa.

Daftari lilikuwa wazi mikononi mwangu, nami sikuweza kuandika. Mstari tuliokuwa tukiutafuta kibanda kwa kibanda ulikuwa ukipita mbele yetu kila baada ya siku mbili, nasi tulikuwa tukiuogopa.

"Mbegu uko nayo?" yule mama aliuliza.

"Kopo mbili."

"Na shamba?"

"Hapana."

Alifikiri. "Kule juu kuko fasi ng'ombe zetu zilikuwa zinalala. Tulizihamisha. Udongo yake iko mweusi. Nitauliza bwana yangu." Kabla hajaondoka alitumiminia maziwa kikombe kizima, akakataa kusikia shukrani zetu.

Siku mbili baadaye alirudi na neno moja: "Kujeni."

Tulipanda kilima chao. Mume wake alikuwa akitungoja, mtu mrefu, mkavu, amevaa kofia. Alitusalimia, akatuonyesha mpaka wa shamba kwa fimbo yake, akaenda zake kwa ng'ombe. Mama alipiga magoti akaushika ule udongo. Akaanza kupanda, mbegu mbili mbili katika kila shimo, na machozi yalimtoka tangu shimo la kwanza. Alimlilia Baba, alililia nyumba yetu, sijui ni nini kingine. Nilimshika bega ili apumzike.

"Acha," alisema. "Wakati ya kulia njo hii."

Siku ya saba tulirudi kuangalia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, na tulilifikia shamba kabla ya kuliona. Kisha ukungu ukafunguka. Udongo ulikuwa umepasuka mstari kwa mstari, na katika kila ufa palikuwa na shingo nyeupe imejipinda, inainuka, na kichwani imebeba nusu mbili za mbegu tuliyoizika. Nimechora jambo hilo ubaoni kwa chaki kila mwaka wa kazi yangu. Ninajua jina la kila sehemu kwa Kifaransa. Asubuhi ile nilisimama pale kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa kitu. Hakuna aliyekuwa amezisaidia. Zilikuwa zinatoka zenyewe, mamia, kimya kabisa, kwa amri ya Mtu tusiyemwona. Nilivua viatu bila kujua kwa nini. Mama aliona, akavua vya kwake.

Mvua ilikuja kwa kipimo. Mwezi wa tatu baada ya kupanda tulivuna. Tulipokuwa tukishuka na mizigo begani, Mama aliimba, yeye ambaye sauti yake kanisani ilikuwa haisikiki, na watu walitoka vibandani kutuona. Siwezi kusema kwamba vita viliisha kwa ajili ya maharage yetu. Juma lile lile waliwasili wakimbizi wengine, nao tukawapikia. Lakini tulikula, tukawapa majirani, tukatenga mbegu, na beseni moja tukampelekea mama wa maziwa.

Sasa ninafundisha Buleusa, na Mama anaishi nami. Nina diploma nyingine, niliifuatilia ofisini Walikale mwaka mzima. Ninaitunza, lakini sijivunii tena kama zamani.

Siku tuliyompelekea beseni lile, nilimuuliza yule mama alijifunzaje zaburi nzima hivyo. Nilifikiri atanitajia shule.

"Mimi sisome, Mwalimu," alijibu akicheka. "Mama mukwe wangu alinifundisha tukikamua. Kila ng'ombe iko na zaburi yake. Nikikamata tu, maneno inakuja."

"Nionyeshe," nilimwomba.

Alinipeleka zizini. Alichuchumaa ubavuni mwa ng'ombe mwekundu, akaweka chombo cha mti kati ya magoti, akaegemeza paji la uso kwenye mwili wa mnyama. Mikono ikaanza, kushoto, kulia, na maneno yakaanza pamoja nayo. Ilikuwa zaburi nyingine, ambayo sikuwa naijua, na sikuelewa hata nusu ya lugha. Maziwa yaligonga chombo kwa mwendo ule ule wa maneno. Ng'ombe alisimama ametulia, masikio yake yakigeuka nyuma kumsikiliza. Daftari lilikuwa kwapani mwangu. Sikulifungua.