Ngumu Ndiyo Nzima

Mpaka leo nikiona fundi anabonyeza bampa la gari kwa viganja viwili, kisha anatingisha kichwa kama daktari bingwa, damu inanichemka.

Nilikuwa na gari dogo la zamani na mama mwenye nyonga iliyovunjika. Alianguka zizini kwake Kikwe akiwapa ng'ombe majani, akapasuliwa mjini, akawekewa chuma. Daktari akataka aende kliniki kila baada ya wiki mbili afanyishwe mazoezi, la sivyo mguu ungekaza na asingetembea tena sawasawa. Usafiri wake ni mimi. Sasa kutoka lami mpaka kwa mama ni mawe na makorongo, na shokapu zangu zilikuwa zimekufa kabisa, kila shimo gari linasugua tumbo. Mama hakutaka makuu. Alisema anataka gari lisilomtupatupa, basi.

Nikalipeleka kwa fundi wangu wa Sombetini. Akaniambia niachane na shokapu za kawaida, nifunge koilova: shokapu na springi yake kitu kimoja, ina nati kubwa, ukiizungusha huku gari linapanda, ukiizungusha kule linashuka. Mfuko wangu haukuwa mnene, lakini alisema zipo za kutosha mfuko huo. Dukani tukakuta mpya za bei nafuu, ndani ya boksi, na mtumba wa Japani, rangi imechubuka, bei ileile. Unadhani nilichagua zipi? Sisi watu wa huku tukisikia mtumba wa Japani, akili inatutoka. Friji, godoro, chochote alichokichoka Mjapani sisi tunakipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Muuzaji hakunitazama hata mara moja. Aliongea na fundi, na mimi mwenye gari, mwalimu mzima, nimesimama pale kama mwavuli uliosahauliwa. Akaisimamisha koilova ya Japani sakafuni, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikubonyea. Fundi naye akaiegemea. Wapi! Wakacheka kwa raha, wakasema hiyo ni nzima. Ile mpya ilibonyea kidogo, wakaisukuma pembeni kwa mguu. Na mimi, mjinga namba moja, nikaiegemea ile ngumu, nikaridhika, nikalipa.

Gari likakaa juu, zuri, halisugui popote. Nikajiona nimeula. Mama nilimkalisha kiti cha nyuma, mguu kaunyoosha, na kila nilipomuuliza alijibu haina shida, endesha tu mwanangu. Tukaenda hivyo safari nne. Ya tano nikamkuta hajavaa. Alisema amepona, mambo ya kliniki basi. Alikuwa ameshika ukuta akiyasema hayo. Nikafoka. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, kwamba najinyima kwa ajili yake na yeye ananiletea ukaidi. Nikaondoka nimenuna.

Nimefika karibu na Makumira ndipo likanijia: tangu zile takataka zifungwe, sijawahi kukaa nyuma. Fundi alilijaribu akiwa kwenye usukani. Mimi siku zote naendesha. Nikaenda gereji moja kwa moja, nikampa fundi funguo, nikajilaza nyuma na mguu nimeunyoosha kama mama. Tuta la kwanza lilinirusha nikauma ulimi. La pili nikang'ang'ania mlango. Kila jiwe lilipanda mpaka kwenye nyonga, tena nyonga yangu mimi, isiyo na chuma. Nikalia kwa hasira.

"Dada, ngumu ndiyo nzima," fundi akaniambia, bila hata kugeuka.

Nikamwamuru asimame, ashuke, aje alale yeye. Alicheka. Nikamrudisha kwa njia ileile na sikukwepa shimo hata moja. Alipotoka hakuwa anacheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba labda zile zilikuwa za magari ya mashindano, ya lami tupu. Labda! Baada ya miezi miwili ya mama yangu kusaga meno kiti cha nyuma! Muuzaji naye akasema kilichofungwa hakirudi. Nilimtukana mbele ya wateja wake na sijutii. Nikafunga shokapu za kawaida na springi laini, zilezile nilizoambiwa niachane nazo, na zilikuwa rahisi kuliko zote.

Nikarudi Kikwe kumwomba mama msamaha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umelifurahia sana gari lako," alisema.

Afadhali angenitukana. Akajikongoja mpaka lilipo gari, akaweka kiganja juu ya buti, akabonyeza. Likazama, likapanda taratibu. Akabonyeza tena, maana hakuniamini. Kisha akanipa mkongojo nimshikie, akaingia.