Bi Pindo, fundi wa sare anayeshona visiwa vya moto

Saa mbili kasorobo asubuhi, na Bi Pindo anafumua kisiwa kwa wembe.

Kisiwa chenyewe ni cha ngozi ya viatu, tabaka tano zilizobandikwa moja juu ya nyingine na kushonwa pembeni kwa uzi wa nailoni, na hakitaki kung'oka. Fundi amekiinamia juu ya meza ya kukatia, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, midomo imebana pini tatu. Kila uzi unapokatika anasema "Toka!" kama anayefukuza kuku.

Ana haki ya kuwa na haraka. Wakaguzi wa mitihani wanafika saa nne, na bahari aliyoishona kwa wiki tano imekosewa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Usiniulize chochote sasa hivi, mwandishi," anasema bila kuinua kichwa. "Shika hapo. Vuta. Si hivyo, jamani, utanichania bahari!"

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na tatu ni fundi wa sare katika shule ya sekondari ya wanafunzi wasioona. Chumba chake kiko nyuma ya stoo ya chakula: dirisha moja, cherehani ya miguu, pasi, na ukutani orodha ya vipimo vya mabega na viuno vya wanafunzi mia moja na arobaini. Jina la Bi Pindo amepewa na wanafunzi hao hao. Akimkamata mtu ambaye pindo la gauni lake limefumuka, humuuliza, "Na hili pindo lako linakwenda wapi bila ruhusa?"

Ila kwa miaka minne sasa anafanya kazi nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wake. Anashona dunia.

Alianza na mto mmoja wa utepe kwenye kipande cha shuka kuukuu, kwa sababu mwalimu wa jiografia, ambaye naye haoni tangu utotoni, alimwomba kitu ambacho vidole vinaweza kukisoma. Mto ukaleta milima ya pamba, milima ikaleta jangwa la msasa. Leo kabati la chumba chake lina ramani thelathini na mbili za kitambaa, zimekunjwa vizuri kama mashuka ya wageni.

Tatizo ni kwamba ramani hizo huishia mlangoni mwa chumba cha mtihani. Haziruhusiwi kuingia. Swali la ramani lina alama ishirini katika mia, na mwaka baada ya mwaka watahiniwa wa shule hii huliruka, maana huwezi kujibu kuhusu mchoro usioweza kuugusa. Mwalimu aliandika barua kumi na saba kuomba ramani za kitambaa zikubaliwe, bila jibu. Ya kumi na nane ndiyo iliyojibiwa: wakaguzi wawili watakuja, watapima ramani moja kwa mwanafunzi mmoja, na watatoa uamuzi hapo hapo. Mtihani uko wiki saba mbele. Wanaoufanya mwaka huu ni kumi na mmoja.

Wakaguzi walichagua mada wenyewe: jinsi visiwa vya volkano vinavyozaliwa katikati ya bahari.

"Nilipoisikia nilitaka kucheka na kulia," anasema Bi Pindo. "Mimi niliishia darasa la saba. Volkano naijua kwa jina tu, kama unavyomjua mkwe wa jirani."

Mwalimu alikuja chumbani kwake, akaketi juu ya marobota ya khaki na kumweleza. Chini ya bahari, mbali na kingo za mabamba yanayounda uso wa dunia, kuna mahali ambapo joto hupanda kutoka vilindini bila kuchoka. Mwamba unayeyuka, unapasua sakafu ya bahari, unamwagika, unaganda, kisha unamwagika mwingine juu yake. Baada ya miaka mingi sana kilima kile kinatokeza kichwa majini, na hicho ni kisiwa.

"Hapo nilimwelewa," anasema fundi. "Akaniharibia aliposema visiwa vinajipanga mstari. Nikamwambia, Mwalimu, huo moto unatembea? Akasema hautembei. Sasa kama hautembei, mstari unatoka wapi?"

Alikuwa anashona kola huku akibishana. Mguu unakanyaga, kitambaa kinasogea. Ghafla akauondoa mguu.

"Sindano!" anasema, na hata leo, na wembe mkononi, anaruka kidogo akilitamka neno hilo. "Sindano iko pale pale, inapanda na kushuka. Kitambaa ndicho kinachotembea! Tundu lililo chini ya sindano ndilo jipya, la mbali ndilo la kale. Nikamshika Mwalimu mkono nikauweka juu ya kitambaa, nikakanyaga. Ona, nikamwambia. Moto wako huu hapa."

Mwalimu anacheka akikumbuka. "Nilipiga ukelele mpaka mpishi akaja na mwiko akidhani kuna nyoka. Miaka kumi na tisa ninafundisha bamba la ardhi linaloteleza sentimita chache kwa mwaka juu ya moto uliotulia. Hakuna aliyewahi kunipa mfano ambao mwanafunzi wangu anaweza kuushika."

Basi Bi Pindo akashona bahari ya satini ya buluu, upana wa kitanda cha mtu mmoja. Chini yake akaweka ubao, na juu ya ubao akapigilia kifungo kikubwa cha koti. Hicho ndicho moto. Bahari inavutwa juu ya ubao, kifungo hakisogei. Visiwa vitano akavikata kwenye mabaki ya ngozi ya mumewe, ambaye ni fundi viatu na ambaye, kwa maneno ya mkewe, "alilalamika wiki nzima, kisha akaleta gundi yake bila kuombwa."

Kosa limegunduliwa leo, saa moja na nusu, na msichana wa kidato cha nne ambaye shule nzima inamwita Hakimu kwa kuwa hana kitu asichokitolea hukumu. Ndiye atakayepimwa. Alipitisha vidole juu ya bahari mara moja, akarudia, akainua kichwa. Hakimu akimwamkia mtu mara ya pili, mtu huyo huanza kutafuta pa kukaa.

"Shikamoo, Bi Pindo."

"Marahaba, mwanangu. Ulishaniamkia. Sema."

"Visiwa vyako vimevaa sare."

Na kweli vilikuwa vimevaa. Kwa miaka ishirini na sita fundi huyu ameshona kwa kanuni moja: mtoto mdogo nguo ndogo, mtoto mkubwa nguo kubwa. Aliambiwa kisiwa kichanga ndicho kilicho juu ya moto na kikongwe ndicho kilicho mbali. Akampa mchanga tabaka moja ya ngozi, akaongeza moja moja, mpaka mkongwe akapata tano. Mikono yake haikuwahi kujua namna nyingine ya kupanga umri.

Kumbe visiwa havikui hivyo. Kilicho juu ya moto ndicho kinacholishwa, kwa hiyo ndicho kirefu. Kikishasogezwa kando, hakuna tena wa kukilisha: mvua inakikwangua, mawimbi yanakitafuna, na sakafu inayokibeba inapoa na kuzama taratibu. Mkongwe ndiye mfupi kuliko wote, na siku moja maji humfunika.

"Nusu ya kosa ni langu," anasema Mwalimu, ambaye alikuwa safarini wiki ramani ilipokamilika na amerudi jana. "Nilimtajia umri. Kimo sikumtajia."

Bi Pindo alishika tama kwa muda usiozidi dakika moja. Halafu akachukua wembe. Visiwa vinne vya kuhamisha, anahesabu, cha katikati peke yake ndicho kilichonusurika, maana tabaka tatu ni tatu ukitokea kokote.

Saa tatu kasoro dakika kumi, visiwa vyote vinne viko mezani. Hakimu anachomoa mabaki ya uzi kwa kucha, haraka kuliko yeyote mwenye macho chumbani humu. Mwalimu amepewa jukumu la gundi na tayari amejigandisha vidole viwili. Cherehani inaanza kuunguruma. Fundi anashona kisiwa kirefu mahali pa kifungo, anageuza kitambaa, anashona, anakata uzi kwa meno. Jasho linamtiririka na anaimba. Hayuko tena kwenye hofu, huyu mama. Anafurahia!

"Jamani, hebu fikirieni," anasema katikati ya mshono. "Mtoto ndiye jitu, babu ndiye mfupi! Na sasa hivi tunavyoongea, huko chini, moto unafanya kazi. Hakuna anayeuona. Hata nyinyi wenye macho hamuuoni!"

Saa nne kasorobo anamaliza. Kwa kuwa kuna robo saa ya kupoteza, anamfumba macho mwandishi wa makala haya kwa kitambaa cha kola na kumpeleka mbele ya bahari. Mwandishi, ambaye ana shahada na macho mawili mazima, anakitambua kisiwa kirefu, anakipoteza, anautaja ukingo wa meza kuwa ni kisiwa cha sita. Hakimu anavunjika mbavu kwa kicheko. "Amefeli," anatangaza. "Arudie darasa."

Wakaguzi wanafika kwa wakati. Mkaguzi mkuu ni mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Mwenzake anabeba faili. Mkuu anaikagua bahari, anapima ngozi kwa rula, anamwomba Hakimu atoke nje kidogo. Msichana akishatoka, mkaguzi anainua kitambaa pamoja na ubao wake na kukigeuza, kaskazini ikawa kusini.

Bi Pindo anafumbua mdomo. Mwalimu, aliyesikia ubao ukikwaruza meza, anamkanyaga mguu.

Hakimu anarudishwa. Anaweka mikono yote miwili juu ya satini. Vidole vinatambaa, vinasimama, vinarudi, vinafika kwenye fundo dogo la uzi linaloonyesha kaskazini. Kwa upole kabisa anasema, "Mmeigeuza."

"Endelea," anasema mkaguzi.

"Moto uko hapa. Hiki ndicho kichanga, bado kinajengwa. Kile cha mwisho ndicho kikongwe, kimechakaa. Kwa hiyo bamba linateleza kutoka huku kwenda kule, kaskazini magharibi."

Mkaguzi anaandika. Kisha anauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote: "Na baada ya miaka milioni kadhaa?"

Hakimu anajibu kwa mikono. Anaikamata bahari kwa pembe zake mbili na kuivuta. Satini inateleza juu ya ubao, visiwa vyote vitano vinaondoka pamoja, na mahali palipokuwa na maji matupu kifungo kinatokeza kwa chini, kinainua kitambaa kidogo. Msichana anautafuta mkono wa mkaguzi, anaupata, anauweka juu ya kile kivimbe.

"Hapa," anasema. "Hapa ndipo patazaliwa kingine."

Mkaguzi mkuu anabaki ameweka mkono pale. Anafumba macho. Anaivuta bahari mwenyewe, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu hata yule mwenzake wa faili anaomba zamu.

Uamuzi unatolewa kabla chai haijapoa. Ramani za kitambaa zitaingia chumba cha mtihani mwaka huu. Masharti yapo: michoro italetwa ndani ya bahasha zenye lakiri, na fundi atashona nakala kumi na moja zinazofanana kwa milimita, ndani ya chumba kilichofungwa, chini ya ulinzi, bila kumwambia mtu yeyote anashona nini.

Bi Pindo anakaa sakafuni, hapo hapo, juu ya vipande vya ngozi, na kulia waziwazi. Mwalimu anataka kumpigia makofi lakini vidole vyake bado vimegandana. Dakika tano baadaye fundi yuko kwenye simu na mumewe: "Baba watoto, kipande chochote cha ngozi usikitupe! Hata kiwe kidogo kama ukucha! Nitakueleza nikirudi. Hapana, siwezi kukueleza, ni siri ya serikali!"

Swali gani litatoka, hakuna ajuaye. Linaweza kuwa bonde, mto au barafu. Bi Pindo anasema hajali, mradi safari hii bahasha imtajie na kimo. Amekwisha kuwaambia akina mama wawili wa mtaani kwake kwamba magauni yao yatangoja, na mmoja amenuna.

Hakimu anasimama mlangoni akisubiri kurudi darasani. Anataka kusomea miamba chuo kikuu, na alama zake za mazoezi zinaishia sitini na nane kwa sababu ishirini huwa hazipo. Anapoulizwa ataanza na swali lipi siku hiyo, anashangaa kuulizwa.

"La ramani," anasema. "Hayo mengine nitayakuta."

Fundi naye ana lake, na analisema huku akifagia uzi. Kila mwaka siku ya jiografia hutafuta kisingizio cha kupita nje ya chumba cha mtihani, anakiri, asikilize mashine za kuandikia nukta nundu. Zinagonga kwa fujo, maswali yanakwenda. Halafu linafika swali la ramani, na zinanyamaza zote kwa pamoja, na yeye husimama pale barazani na rundo la sare mikononi, hana la kufanya.

"Mwaka huu nitapita tena," anasema Bi Pindo. "Na nataka zigonge, mwandishi. Nataka zigonge mpaka msimamizi aumwe kichwa."