Lenzi ya Baba kwenye Kamera Yangu

Sina subira na watu wanaosema lenzi ya zamani ina roho. Nimewasoma mitandaoni, nimewasikia hata hapa Chake Chake. Ni vijana wenye ndevu zilizochongwa, wanaookota lenzi ya kamera ya filamu kwenye sanduku la marehemu babu yao, wanaivisha kwenye kamera ya dijitali, wanapiga picha ya mnazi, na mnazi unatoka umepauka kama shuka iliyofuliwa kwa jiki. Hapo ndipo wanapokuita uje uone roho. Mimi huona ukungu, mwanga uliomwagika ovyo, na mtu ambaye hajui kazi. Niliwahi kununua pete ya kuunganishia lenzi za aina hiyo na kamera yangu, kwa sababu moja tu: kumthibitishia mmoja wao kwamba anasema upuuzi. Nilimthibitishia, na pete nikaitupa kwenye droo.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake. Kisiwani kwetu mwanamume haingii na kamera mahali bi harusi anapopambwa, kwa hiyo wanawake wa Wawi, wa Madungu, hata wa Makoongwe, huniita mimi. Simu zote hukusanywa mlangoni kwenye beseni, na anayelinda beseni huwa ni shangazi mmoja mkali ambaye hata mama wa bwana harusi hamwonei haya. Ndani hubaki kamera moja, nayo ni yangu. Naijua kazi hii na sioni aibu kusema hivyo.

Baba yangu naye alikuwa mpiga picha. Alikuwa na studio Madungu, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti cha kuzunguka, na nadhani nusu ya watu wazima wa Chake Chake walikaa kwenye kiti kile wakaambiwa wainue kidevu. Alipiga picha za pasipoti, za vitambulisho, za wanafunzi waliofaulu. Bi harusi hata mmoja hakuwahi kumpiga. Wanawake wa enzi zake walipigana picha wenyewe kwa wenyewe ndani ya nyumba, kwa kamera za kuazima, na filamu hawakumletea yeye azisafishe, maana angewaona. Walizipeleka kwa boti mpaka Dar es Salaam, zikasafishwa na mwanamume mwingine wasiyemjua, na hilo likaonekana ndiyo stara. Nikilikumbuka nasonya. Baba hakuwahi kusonya. Alisema ndivyo watu walivyotaka.

Studio ilipofungwa alibaki na lenzi moja. Ilikuwa chuma kitupu na vioo, nzito kama jiwe la mizani. Aliiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na konzi ya karafuu na kipande cha pamba alichokidondoshea tone moja la mafuta ya karafuu, kwa sababu hewa ya Pemba ni maji, na kuvu huota ndani ya vioo vya lenzi kama inavyoota kwenye viatu vya ngozi. Kila Ijumaa, akirudi msikitini, alifungua kopo, akaitoa lenzi, akaichungulia kuelekea dirishani, akairudisha. Haikuwa na kuvu, hilo sikatai. Lakini nilimwona kama mtu anayemlisha paka aliyekwisha kufa.

Mdogo wangu wa mwisho alipoposwa na kijana anayefanya kazi Muscat, baba aliniita barazani baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa amekaa na majirani wawili, wanakunywa kahawa.

"Mwanangu, n'na haja kwako," alisema. "Siku hiyo mie ndani siingii, wajua. Hiyo kamera yako, si yakubali lenzi yangu, ukitia ile pete yako?"

"Yakubali. Kwani wataka nini, baba?"

"Nataka umpige mdogo wako kwa hiyo. Ndiyo nlompigia mama yenu. Na yule mtoto kamchukua mamaake uso wote. Basi nataka niwaone wote wawili kwa kioo kimoja. Sina jengine."

Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa hajaota meno. Picha yake ilitundikwa chumbani kwa baba, juu ya mswala, nayo ni picha nzuri kweli. Mtu mwenye adabu angesema, "Sawa, baba," akanyamaza. Mimi nilivuta kiti nikamwaga utaalamu.

Nilimweleza kwamba lenzi ile ilitengenezwa kwa ajili ya filamu, na filamu haing'ari. Ndani ya kamera yangu, mahali pa filamu, pamekaa kibao cha kupokea mwanga kinachong'ara kama sahani iliyosuguliwa. Mwanga ukifika pale, sehemu yake hurudi nyuma, hugonga kioo cha mwisho cha lenzi, hugeuka tena, na huacha doa jeupe katikati ya picha. Lenzi za siku hizi zimepakwa dawa kwa nyuma ili kulizuia hilo. Ya kwake ina dawa ya kizamani, maana walioitengeneza hawakuota kama kuna siku itakutana na kibao kama hicho.

Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Wambaje? Mwanga warudi?"

"Warudi. Lenzi yako imekufa, baba. Ifanye ya kuwekea karatasi zisipeperuke."

Jirani mmoja alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Baba naye alitabasamu, kwa sababu mgeni wako akicheka barazani kwako hukunji uso.

"Haya," alisema. "Weye ndiye fundi."

Niliondoka pale nimejaa fahari. Kila nilichokisema kilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachomharibu mtu kama mimi kuliko kusema kweli mbele ya watu.

Siku chache baadaye nilikuwa nasafisha lenzi yangu mwenyewe, ile ya kisasa, ile inayotafuta jicho la mtu peke yake na kulikamata kabla wewe hujaliona. Nilikuwa na hiyo moja tu ya harusi, na nilikuwa nikijigamba nayo. Niliipitisha kwenye mwanga nikaona, ndani kabisa, nyuzi nyembamba zimeanza kutambaa kwenye kioo. Ilikuwa kuvu. Fundi ninayemwamini yuko Dar, na harusi ilikuwa imebaki wiki mbili.

Sikumwambia mtu. Nilichukua bakuli la plastiki lenye kifuniko, nikatia karafuu, nikatia pamba, nikaiweka lenzi yangu ndani. Baba hutia tone moja la mafuta. Mimi niliona tone moja ni mambo ya wazee wasio na haraka, nikailowesha pamba yote mpaka ikadondoka. Nikafunga kifuniko nikakisukuma chini ya kitanda. Nyumba ikajaa wageni, nikashikwa na mchele wa kuchagua na jamaa wa kupokea kutoka Mkoani, na bakuli sikuligusa tena mpaka asubuhi ya harusi.

Nilipolifungua, harufu ilinipiga usoni mpaka macho yakatoka machozi. Mpira wa kuzungushia ulikuwa umevimba na kuchomoka, unanata vidoleni kama ubani uliotafunwa. Rangi ilikuwa inabanduka. Nilijaribu kuzungusha, haikuzunguka. Nilichungulia ndani, nikaona kioo cheupe kama maziwa. Mafuta ya karafuu hula plastiki, na hapa Pemba hata mtoto anajua usiyaweke kwenye chupa laini. Mimi nami nilijua. Lakini zaidi ya nusu ya lenzi ile ilikuwa plastiki, na hilo halikunijia akilini, kwa sababu nilizoea kuiita ya kisasa na sikuwahi kuifikiria kama kitu kilichotengenezwa kwa kitu.

Kutumia simu hakukuwezekana, maana mama wa bwana harusi alikuwa ameshasema hataki kuiona simu hata mkononi mwangu. Kuazima lenzi nyingine ni mpaka Unguja, na boti haingenisubiri. Nilifungua droo nikaitoa ile pete, nikaenda chumbani kwa baba.

Alikuwa anavaa kanzu mpya. Ningeweza kumwambia kilichotokea. Badala yake nilisema, "Baba, nimefikiri. Nipe lenzi yako."

Aliacha vifungo vya kanzu nusu.

"Wasema kweli?"

"Nasema kweli. Nimeona si vizuri kukukatalia."

Hilo ndilo nililosema. Aliinama akatoa kopo, akalifungua, akaifuta lenzi kwa pindo la ile kanzu mpya ambayo alikuwa hajaenda nayo hata msikitini.

"Ntakwambia moja tu, mwanangu. Hii tundu lake la mwanga ndani ya nyumba liache wazi. Usilibane. Haipendi kubanwa."

"Sawa, baba."

Niliambiwa baadaye kwamba wanaume walipokusanyika kwa ajili ya nikaha, baba alimwambia kila aliyempa mkono wa hongera kwamba lenzi yake iko ndani, inafanya kazi. Alimwambia hata yule jirani aliyecheka.

Kabla ya kuingia kwa bi harusi nilipita jikoni kuijaribu. Nililiacha tundu wazi kama lilivyokuwa, nikampiga shangazi aliyekuwa anapakua pilau, nikaendelea na safari yangu. Kisha nikaingia chumbani.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, mikono imejaa hina na piko, vikuba vya asumini vimemshuka kifuani, na somo wake, mwanamke aliyemfunda, amekaa kando anamrekebisha ushungi. Nilinyanyua kamera, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, jicho la mtu halikukamatwa lenyewe. Ilinibidi nizungushe kwa mkono. Nilizungusha, likaja, likapita, nikarudisha, likapita tena. Tundu likiwa wazi, kope huonekana na sikio hupotea. Ukikosea unywele mmoja, umekosa uso mzima. Baba aliweza kufanya hivyo mchana kutwa, kwa watoto wasiotulia. Mimi, mwenye kuitwa mpaka Makoongwe, sikuweza kwa msichana aliyekaa kimya. Wanawake walianza kunong'onezana.

Nikafanya ujanja wa asiyejua. Nilizisogeza karibu taa zangu mbili, nikalibana tundu karibu na mwisho, ili kila kitu, cha mbele na cha nyuma, kitoke bila ukungu nikosee nisikosee. Nikauweka uso wa mdogo wangu katikati kabisa ya picha, na nikapiga, nikapiga, nikapiga. Kwenye kioo kidogo cha kamera niliona mng'ao usoni mwake nikadhani ni poda. Nilikuwa nimelihubiri doa lile barazani kama kadhi, na siku lilipokuja sikulitambua.

Kesho yake mdogo wangu alisafiri na mumewe. Nilizifungua picha kwenye kompyuta asubuhi, mlango nimeurudishia. Doa lilikuwemo katika kila moja. Lilikuwa jeupe, lenye ubuluu kidogo, mviringo, limeanzia kwenye nyusi na kuishia mdomoni. Hina ilionekana uzi kwa uzi, asumini ungeweza kuihesabu, na katikati ya yote hayo palikuwa na msichana aliyefutwa uso. Nilijaribu kulisafisha kwa kompyuta, akatoka mtu mwingine, mwanasesere asiye na mama.

Kisha nikafika kwenye picha ya jikoni, ile ya tundu wazi. Shangazi alikuwa na tone la jasho juu ya mdomo, na ndani ya tone lile lilionekana dirisha. Hapakuwa na doa. Mwanga hurudi, ndiyo, lakini tundu likiwa wazi hutawanyika usiuone; ukilibana ndipo hujikusanya. Baba hakujua lolote kuhusu vibao vinavyong'ara. Alijua tu lenzi yake haipendi kubanwa, na aliniambia.

Mlango uligongwa. Alikuwa yeye, na miwani ameshaivaa.

"Zimetoka?"

Ningeweza kusema bado. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, au nilikuwa mvivu, sijui. Nilimpisha kiti. Aliipitia ya kwanza, ya pili, ya kumi, na kila moja aliisogelea zaidi, kana kwamba kosa ni la macho yake. Alipofika mwisho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akarudi kwenye ya kwanza.

"Ndivyo ulosema," alisema taratibu. "Mwanga warudi."

Nilikuwa na picha ya shangazi pale pale, nyuma ya ile anayoitazama. Ilihitaji kidole kimoja tu. Sikukiinua, kwa sababu ningeinua kidole ningelazimika kueleza tundu, na bakuli, na kwa nini hasa niliijia lenzi yake asubuhi ile.

Baba aliweka mkono begani kwangu. Hakuwahi kuniomba radhi maishani mwangu, na mtu wa rika lake hamwombi radhi mwanawe.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Weye ulikataa, ukaja kukubali kwa ajili yangu mie. Nimekuharibia kazi yako, na nimemharibia mdogo wako siku yake."

Nikamwambia, "Si kitu, baba."