Mgeni Rasmi Mwenye Mkia

Mzee Deogratias alistaafu utendaji wa kata miaka miwili iliyopita, ila habari hiyo ilikuwa bado haijamfikia. Kila asubuhi, pale kwake Kasokola, alivaa suti yake ya Kaunda, akachomeka kalamu mbili mfukoni na kukaa barazani kusubiri watu wenye shida. Watu shida walikuwa nazo, tena za kutosha, lakini walikuwa wanazipeleka kwa mtendaji mpya. Waliopita barazani walimpa shikamoo yake, wakalalamikia jua, wakaendelea na safari.

Tangu astaafu hakuna aliyempa hata ufunguo wa kumshikia. Kwenye jumuiya walimchagua Benedikto kuwa mwenyekiti, na yeye wakampa kazi ya kuongoza sala siku mwenyekiti akisafiri. Benedikto hasafiri.

Ndiyo maana Malale aliposimamisha baiskeli mbele ya baraza, mzee alikaa vizuri. Malale ni mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akiwaletea maziwa kila asubuhi kwa miaka minne. Mkewe, Esteria, alitakiwa kupasuliwa goti Mwanza, na wangekaa huko miezi miwili. Ng'ombe wangebaki kwa kaka yake Malale, kule kijiji cha Kasansa, lakini mbwa wa kaka yake walikuwa hawapatani kabisa na mbwa wake. Malale, kama mtu aliyefunzwa kwao, alianza na mwenye mji. Alisalimia kirefu, akaeleza goti, treni na mbwa, mzee akatikisa kichwa kwa uzito unaostahili. Kisha Malale akazunguka na maziwa hadi jikoni kwa Mama Gervas, mke wa mzee, na huko waliongea mpaka uji ukafurika.

"Umesikia?" mzee alimwambia mkewe baadaye. "Nimekabidhiwa mbwa."

"Nimesikia."

"Wafugaji wanajua nani ni nani."

Mama Gervas akaendelea kufuta uji mekoni.

Mbwa mwenyewe aliitwa Waziri, na jina hilo lilimgusa mzee mahali penyewe. Katika utumishi wake wote aliambiwa mara moja tu kwamba waziri angefika ofisini kwake. Alifyeka nyasi, akapaka mawe chokaa, akachemsha chai ya birika tatu. Msafara ulipita na vumbi lake bila hata kupunguza mwendo, na chai ile alikunywa yeye na karani siku mbili. Safari hii Waziri anakuja, na atakaa.

Alikuja Ijumaa, anavutwa kwa kamba. Alikuwa dume la rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, kichwa kinamfikia mzee kwenye mkanda. Malale alikuja pia na gunia kuukuu analolalia mbwa huyo.

"Mama, hili gunia litangulie bandani kwa mbuzi siku nne, tano," Malale alisema. "Na paka alalie. Wakishamzoea harufu, ndiyo umfungulie."

Mzee alikuwa amesimama hapo hapo, akayasikia yote, akayaweka kwenye fungu la ushamba. Malale alipoondoka kuwahi treni, mzee alilinyanyua lile gunia kwa ncha ya fimbo na kulitupa nyuma ya choo.

"Harufu siyo utaratibu," alisema.

Utaratibu alikuwa nao yeye. Kesho yake saa kumi alasiri aliweka meza kuu uani, na kitambaa juu yake, na kiti kimoja chenye mikono. Benedikto alialikwa aje kushuhudia, akaja na shati lake jeupe la kanisani. Wenyeji walipangwa mstari kwa kufuata ukubwa wa utumishi. Wa kwanza alikuwa Tomi, mbwa mdogo mwenye miaka kumi na moja kazini, kafungwa kwenye kigingi. Wakafuata mbuzi wawili, kila mmoja na kigingi chake, na bata sita waliofungwa miguu. Paka, ambaye Mama Gervas alimwita Sista kwa ajili ya kifua chake cheupe, alifunikwa na tenga lenye jiwe juu, kwa kuwa hana nidhamu ya vikao.

Mama Gervas alitoka jikoni akatazama.

"Baba Gervas, wote umewafunga. Mbwa akija watakimbilia wapi?"

"Hakuna wa kukimbia. Ni utambulisho tu."

Akakohoa, akasema itifaki imezingatiwa, akazungumzia umuhimu wa ushirikiano baina ya wenyeji na wageni, kisha akamfungua Waziri kwenye mpera ili aje mbele atambulishwe.

Tomi hakungoja kutambulishwa. Alibweka, akaruka mpaka kamba ikamrudisha chini, na Waziri akafika. Mbuzi waling'oa vigingi na kuondoka na kitambaa cha meza kuu. Bata walibiringika wakipiga kelele. Tenga lilipinduka, na Sista akapanda mgongo wa Benedikto kuelekea paani, akiacha mistari minne kwenye shati jeupe. Katikati ya yote hayo Tomi alikuwa amebanwa sikio, kamba inamzuia kukimbia. Mama Gervas ndiye aliyekuja na ndoo ya maji akammwagia yule mkubwa, akakata kamba ya mdogo kwa kisu cha mboga. Waziri, amelowa chepechepe, alikwenda kukaa kwenye kiti cha meza kuu, maana ndicho pekee kilichokuwa bado kimesimama.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Tomi alijificha chini ya ghala, sikio limevimba, hataki chakula. Sista hakushuka paani. Na mzee aliogopa, tena aliogopa kweli, maana kitu cha kwanza alichoaminiwa baada ya miaka miwili kilikuwa kinamharibikia mbele ya Benedikto, mtu asiyejua kuficha neno. Jumatatu alimwendea mkewe akiangalia pembeni.

"Mbwa huwa wanatoroka," alisema. "Ukiwapeleka kule porini, unakuta wametoroka wenyewe."

Mama Gervas alimtazama mpaka akaanza kupanga kalamu zake mfukoni.

"Huyu hatatoroka," alisema. Akaenda nyuma ya choo, akaliokota gunia, akalikung'uta.

Alifanya kama alivyoambiwa, hakuongeza kitu. Gunia lililala bandani kwa mbuzi, kisha akalitandaza chini ya paa na kuliwekea dagaa, na njaa ikamshusha Sista. Tomi akapewa chakula kwanza, Waziri akiwa kwenye kamba anaona, na Mama Gervas amekaa katikati yao anapukuchua mahindi. Alikaa hivyo kila siku. Wiki ya tatu Waziri alikuwa hana kamba tena. Alilala bandani na mbuzi, na Tomi akawa anaegemea tumbo lake kama mtu aliyelipia.

"Ni suala la uongozi," mzee alieleza kwenye jumuiya. "Mbwa anataka msimamo."

Akaanza kuandika taarifa ya utekelezaji. Ilifika kurasa tisa. Gunia halikutajwa hata kwenye ukurasa mmoja.

Malale aliporudi na Esteria, ambaye sasa alitembea na mkongojo, mzee aliwakalisha barazani na kuisoma taarifa yote. Malale alisikiliza kofia ikiwa mkononi. Mwisho mzee akamsogezea kalamu.

"Weka saini hapa, aliyekabidhi. Na hapa chini, aliyekabidhiwa."

Malale aliweka yake, kisha akageuka kuangalia upande wa jikoni. "Sasa mama aje aweke ya kwake."

"Aliyekabidhiwa ni mimi, Malale. Ulinikabidhi hapa hapa."

Malale alitazama chini, akaona haya kwa niaba ya mzee.

"Mzee, wewe nilikuomba ruhusa. Mji ni wako. Mbwa nilimkabidhi mama, tulimalizana kule jikoni siku ile ile."

Hakusema kwa ubaya wowote, na ndiyo sababu iliuma. Mama Gervas aliitwa, akafuta mikono kwenye kanga, akaweka saini alipoonyeshwa bila kufunua kurasa. Esteria akampa kibuyu cha maziwa ya mgando. Waziri akaondoka nao, na Tomi akawasindikiza mpaka barabarani, akasimama hapo analia.

Mzee alibaki na kurasa zake tisa. Mkewe alikwenda bandani akarudi na lile gunia, ambalo Malale alikuwa ameliacha makusudi.

"Baba Gervas, shika hili. Mtandikie Tomi, asije akakataa chakula tena."

Mzee Deogratias alilipokea kwa mikono miwili. Lilimchafua suti yote, naye akalipeleka.