Siku Radi Alipoambiwa Angoje

Mama Ngoja hakuzaliwa na jina hilo, alilipata kazini. Ndiye sista mkuu wa chumba cha kujifungulia, mama wa vicheko, lakini bintiye wa pekee alipokuwa mafunzoni humo humo, daktari bingwa alimwita mzigo mbele ya wagonjwa kwa sababu alishuku jambo akakosea. Binti akavua sare, akaacha unesi. Tangu hapo mama hakutulia. Akaja na sheria yake: yeyote akishuku jambo, hata mwanafunzi aliyeanza jana, aseme "ngoja", na kila mkono uache kazi, uinuke, mpaka jambo likaguliwe.

Daktari huyo, ambaye wanafunzi walimwita Radi, alikubali shingo upande. "Sista, siku wakinisimamisha bure, sheria yako naifuta." Na uwezo huo alikuwa nao. Basi wanafunzi wakawa kimya kama maji mtungini. Sheria ikabaki jina la utani la sista tu.

Leo asubuhi Radi alikuwa anamshona mzazi. Msichana wa mwaka wa kwanza, aliyepewa kazi ya kuhesabu vitambaa vya shashi vilivyotumika, akahesabu, akarudia.

"Ngoja, daktari. Kitambaa kimoja kimepungua. Huenda kimebaki ndani."

Sindano ikasimama. Mama Ngoja alihisi moyo unataka kumtoka kifuani kwa furaha. Amesema. Mtoto wa watu amesema. Radi akainua mikono, akatafuta, hola. Wakahesabu upya pamoja: vyote vilikuwepo, viwili vilikuwa vimegandana kwa damu. Msichana alikuwa amekosea.

Sasa ndiyo ilikuwa kasheshe. Mama Ngoja alikwisha kusogea akasimama kando ya msichana, tayari kwa lolote. Radi aliwatazama wote wawili, akashusha pumzi.

"Hujanisimamisha bure, binti. Kesho ukishuku, sema tena. Ila vitambaa uvitenganishe kwanza." Akaendelea kushona.

Kazi ilipoisha, Mama Ngoja alitoka mbio koridoni kama msichana, simu sikioni. "Mwanangu, leo mwanafunzi kamsimamisha Radi, tena kakosea, na hajafokewa."

"Kakosea kabisa?"

"Kabisa."

"Na kesho anarudi?"

"Yuko huku anakunywa chai na wenzake, anacheka."



"Mama, ile sare yangu uliitupa?"

"Ipo kabatini," Mama Ngoja akasema, machozi yakimtoka. "Kila mwezi naipiga pasi."